Betty alikuwa anatetemeka, wao wakasema anarembua

Siku ya kwanza kabisa kulipwa kwa ajili ya sura yangu ilikuwa Kariakoo, ghorofa ya tatu, kwenye duka la magauni ya sendofu ambalo sitalitaja jina maana hela yangu ya mwisho hawajanipa mpaka leo. Kazi yenyewe ilikuwa hivi, mteja anakuja na dada yake na shangazi yake, wewe unavaa gauni unatoka nyuma ya pazia unazunguka, wao wanashika kitambaa kiunoni mwako wanaulizana hii ukiifua haipauki kweli, wanakusemea kichwani hapo kama vile wewe ni sanamu la dukani. Mchana akaja kaka mmoja wa kupiga picha za Instagram. Mi nilikuwa natetemeka, na sio mikono, kichwa ndo kilikuwa kinatikisika chenyewe, nikaona nikikibana kidevu kuelekea kifuani kinatulia kidogo, ila sasa ili uione kamera inabidi upandishe macho tu. Yule kaka akapiga kelele, “Hapo hapo dada, usitoke hapo, umeua!”

Miaka ikapita, nikaja kusoma habari za Lauren Bacall, yule mwigizaji wa filamu wa Marekani, nikakuta na yeye ilimtokea vile vile, kidevu chini macho juu, kwa sababu ile ile, Hollywood mwaka 1944, mwenzangu wakamfanya staa wa dunia. Mi hata nauli ya kurudi Mbagala nilikopa.

Tangu siku hiyo huyu mama nimemfuatilia kama ndugu yangu. Na kila nikisoma watu wanavyomwandika naona wanakosea palepale, wanaanza na uzuri wake na jinsi alivyokuwa anajiamini. Kujiamini wapi! Mi nasema ukitaka kumwelewa anza na woga.

Jina la kuzaliwa ni Betty Joan Perske, kazaliwa tarehe 16 Septemba 1924 Bronx, New York, wazazi Wayahudi, mama yake alitokea Romania akiwa mdogo. Ndoa ya wazazi ikavunjika Betty akiwa bado mtoto, baba akaenda zake moja kwa moja, mama akarudi kwenye jina la upande wao, Bacal, na binti naye akalichukua, ile L ya pili kaiongeza mwenyewe baadaye ili watu wasilitamke hovyo. Kalelewa na mama, bibi na wajomba. Yaani mtu ambaye dunia nzima inamjua kwa jina la mwanaume aliyemuoa na mwanaume aliyemuongoza, jina lake la ukoo lilikuwa la mama yake. Nilipenda sana hiyo.

Alitaka kuigiza, sio kuwa modo. Akaingia American Academy of Dramatic Arts, shule ya uigizaji pale New York, akasoma mwaka mmoja tu ada ikawashinda, na ufadhili ulikuwepo lakini enzi hizo ulikuwa wa wavulana. Kulikuwa na mvulana mmoja pale shuleni ana shida kuliko wote, baridi inampiga hana koti la maana, Betty akaenda nyumbani akamuombea koti la mjomba wake. Huyo mvulana alikuwa Kirk Douglas, aliyekuja kuwa staa mkubwa wa filamu. Ndio, Kirk Douglas yule yule.

Ada ilipokwisha ndo umodo ukaja, kama kibarua. Na hapa naomba msiwaze jukwaa na taa. Seventh Avenue ya New York ndo ilikuwa Kariakoo yao, viwanda vya nguo ghorofa juu ya ghorofa, na modo kazi yake ni kuvaa mzigo mpya na kuzunguka mbele ya wanunuzi wa jumla waliotoka mikoani, wanakushika kitambaa, wanakuuliza bei ya dazani, unarudi nyuma unavaa nyingine. Jioni anaenda kwenye kumbi za maigizo kuwaonyesha watu viti vyao. Kuna wakati alikuwa anasimama nje ya mgahawa wa Sardi's, pale wanapokula watu wa tamthilia, anauza kajarida ka matangazo ya kazi za uigizaji ili tu mabosi wamuone sura. Binti wa miaka 17! Mi ningekufa na aibu. Yeye alikuwa anasimama.

Mwaka 1942 alipata kasehemu kadogo Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, kutokea na kupita tu, na igizo lenyewe halikudumu. Halafu mtu akamfahamisha kwa mtu, akafikishwa kwenye jarida la mitindo la Harper's Bazaar kwa Diana Vreeland, yule mama wa mitindo aliyekuwa anaogopwa na mji mzima, Vreeland akamkabidhi kwa mpiga picha Louise Dahl-Wolfe. Toleo la Machi 1943, Betty akawa kava.

Itafuteni hiyo kava, ipo. Hajavaa gauni la kumwaga wala nini. Kasimama na suti na kofia mbele ya kioo cha mlango kilichoandikwa huduma ya kuchangia damu ya Msalaba Mwekundu wa Marekani, maana ilikuwa vita, na yeye yuko kama mtu anayesubiri zamu yake kwenye foleni. Hacheki. Ana miaka 18 ila ukiambiwa ana 28 unakubali. Picha ile haiuzi suti, inakufanya ujiulize huyu dada anawaza nini.

California mke wa dairekta Howard Hawks akalifungua jarida akamuona. Jina lake alikuwa anaitwa Slim. Akamwambia mumewe muone huyu. Basi hivyo tu, mwezi wa nne Betty yuko kwenye treni kwenda Hollywood kufanyiwa majaribio ya kamera, akasainishwa mkataba wa miaka saba, dola 100 kwa wiki.

Sasa hapa ndo panaponichefua na kunivutia kwa pamoja. Hawks alikuwa na ndoto yake ya mwanamke kichwani miaka mingi, anatafuta pa kuivalisha. Jina la Betty halikumpendeza, akambatiza Lauren. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, akipandwa na hisia inapaa juu inakwaruza, Hawks akamwambia nenda kaishushe. Binti akawa anaendesha gari anapanda barabara ya milimani, Mulholland Drive, anapaki pasipo na watu, anafungua kitabu anasoma kwa sauti nzito na kubwa masaa na masaa. Nimejaribu hii kitu mwenyewe chumbani, baada ya kurasa nne koo liliuma hadi nikanywa maji ya tangawizi. Sio mchezo, na madaktari wa sauti wana tatizo kabisa la misuli ya koo kwa watu wanaolazimisha sauti nzito, wameliita kwa jina lake na la mwigizaji mwenzake aliyekuja kumuoa, Humphrey Bogart, yaani Bogart na Bacall.

Halafu nguo zikashonwa kwa kuangalia mavazi ya Slim mwenyewe. Na kwenye filamu ya kwanza, To Have and Have Not, mhusika wa Bacall anaitwa Slim na yeye anamuita mwanaume Steve, ambayo ndo majina Hawks na mkewe walikuwa wanaitana nyumbani kwao. Umeona? Mke kaonyesha picha ya binti, mume kaichukua picha kaivalisha mke. Ningekuwa mimi ni Slim ningelifunga lile jarida nikalifutie vumbi.

Na Hawks huyo huyo alikuwa anatoa maneno ya kuwakejeli Wayahudi mbele ya Betty, hajui kwamba Betty ni Myahudi, na Betty akanyamaza kimya. Alikuja kuyaandika haya mwenyewe kwenye kitabu chake, hakujitetea, kasema aliogopa. Mi nikikumbuka nilivyonyamaza pale dukani wakisema rangi yangu inaua kitambaa, simlaumu.

Tufike siku yenyewe ya kupiga picha, mwanzoni mwa mwaka 1944. Tukio lake la kwanza kabisa halina hata urefu. Anatokea mlangoni, anaomba kiberiti, Humphrey Bogart anamrushia, anadaka, anawasha sigara, anakirudisha, anaondoka. Basi. Umri wake miaka 19, hajawahi kuigiza kwenye filamu hata sekunde moja, na mbele yake kuna staa wa filamu ya Casablanca. Mkono ukaanza kutetemeka, sigara ikatetemeka, kichwa kikatikisika, anajiambia tulia ndo kinazidi. Hawks atafikiria nini, wafanyakazi watafikiria nini. Akagundua kitu kimoja tu kinasaidia, akishusha kidevu mpaka karibu na kifua kichwa kinatulia, na ili amuone Bogart akapandisha macho.

Watu wa matangazo wa studio yao, Warner Bros., wakaiona, wakaipa jina kabisa, Ule Mtazamo, wakaichapa nchi nzima. Wanaume wakasema binti anarembua. Wachambuzi wakaandika kurasa kuhusu jeuri yake na siri yake. Kumbe mtoto anazuia shingo.

Kaiangalie leo hiyo sini mkiwa na muda, uangalie mikono sio macho. Anakidaka kiberiti vizuri kabisa. Mi hapo huwa napiga makofi peke yangu.

Mapenzi na Bogart mnayajua, au hata kama hamyajui mnaweza kukisia, yeye 19 yule 44, yule ana mke wa tatu na nyumba yao ilikuwa ngumi na chupa kila siku. Hawks alikasirika hadi akamtishia binti kumuuza kwenye studio ya filamu za bei chee. Akalia usiku kucha, asubuhi akaendelea kumpenda. Walioana tarehe 21 Mei 1945 shambani kwa rafiki yao huko Ohio, Bogart kalia harusi nzima, bibi harusi ndo anatetemeka tena, maua yalikuwa yanachezacheza mkononi. Siwezi kujifanya naona umri ule sawa. Ingekuwa mdogo wangu ningeita kikao cha ukoo. Lakini ukisoma anavyomuandika Bogart huoni mtu aliyedanganywa, na mi nimeamua kumuamini mwenye ndoa yake.

Kilichomuumiza ni filamu ya pili iliyotoka, Confidential Agent, mwaka huo huo wa 1945. Bila Hawks, bila Bogart, wakampa nafasi ya msichana wa tabaka la juu la Uingereza, akaboronga kweli. Wale wale waliomuweka mawinguni wakamshusha kwa mateke, ana miaka 21. Wakala wake akaenda kwa bosi wa studio akamsihi, jamani ile filamu yake nyingine, The Big Sleep, haijatoka bado, mrudisheni binti mpige upya baadhi ya matukio na Bogart mumpe ile jeuri, la sivyo mmempoteza. Wakakubali, wakapiga, ikatoka mwaka 1946 na ikamuokoa. Yeye alisema hakuwahi kurudi tena kule juu alikokuwa kabla ya ile filamu mbovu. Fikiria, kilele chako kiwe kimepita na bado hujafika hata robo ya maisha.

Baada ya hapo akaanza kuwa mbishi. Studio zile zilikuwa zinakuletea skripti, ukikataa unasimamishwa bila mshahara, na yeye alisimamishwa mara nyingi mpaka akapata jina la msumbufu. Sasa kwetu hapa tunajua wadada wanaotoka kwenye urembo kuingia kwenye muvi, Wema Sepetu alivaa taji la Miss Tanzania 2006 muvi zikafuata, na tunajua wanavyosemwa. Ukikubali kila kitu huna kipaji umebebwa na sura. Ukikataa unaringa.

Halafu sasa Afrika, na hapa ndo naona kama tumekutana naye barabarani.

Mwaka 1951 dairekta John Huston alimchukua Bogart na mwigizaji Katharine Hepburn kuja kupiga filamu ya The African Queen, na Bacall akamfuata mumewe. Hakuwa na nafasi kwenye filamu, hata ya kupita. Mtoto wao Stephen alikuwa na miaka miwili, wakamuacha Marekani, na siku ile ile ya kuondoka yaya aliyekuwa amembeba mtoto uwanja wa ndege akaanguka, mishipa ya kichwa imepasuka, akafariki. Wao ndege imeshapaa, wakaja kupata habari wametua mji mwingine. Kashauriana na mama yake na daktari, mama ndo akamshika mtoto, yeye akaendelea na safari. Walimsema sana kwa hilo, na mi sijawahi kufika mwisho wa mawazo yangu juu ya hilo, nikiwa na watoto wangu namlaumu, nikiwa peke yangu naelewa.

Wakafika Stanleyville, Kisangani ya leo, wakaenda mtoni Ruiki kwenye kambi ya vibanda vya mianzi na makuti. Siafu wakavamia kambi. Wazungu wameandika kurasa kwa kurasa za hofu juu ya siafu, mi nilicheka, maana kwa bibi yangu siafu wakiingia usiku mnaamka mnatoka nje na mikeka mnawaacha wapite, asubuhi nyumba haina panya wala mende. Boti yenyewe ikazama mtoni, ikabidi ivutwe juu kwa nguvu za watu. Baadaye wakahamia Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison, na tumbo likawashika karibu wote, Hepburn hoi kabisa ndoo iko pembeni wanapiga picha. Waliopona ni Bogart na Huston, na wenyewe walisema ni kwa sababu maji hawakuwa wanayagusa, whisky tu.

Na modo wetu wa Harper's Bazaar? Alikuwa anaangalia chakula cha watu na kuuguza wagonjwa. Mwanamke wa miaka 26, jina lake peke yake linajaza kumbi New York, yuko porini Kongo anahakikisha mafundi taa wamekula mchana. Hepburn mwenyewe alipokuja kuandika kitabu kuhusu safari ile mwaka 1987, aliliweka jina la Bacall hadi kwenye kichwa cha kitabu. Bogart akaondoka pale na Oska yake ya pekee.

Kwa sisi watu wa Kigoma kuna kingine. Hadithi ya filamu ile ni ya vita vya kwanza huku kwetu wakati wa Mjerumani, boti ndogo inaitafuta meli kubwa ya Kijerumani ziwani ili iilipue. Na Mjerumani kweli alikuwa na meli Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, ililetwa vipande vipande kutoka Papenburg ikaunganishwa Kigoma, mwaka 1916 walipoona wanashindwa wakazipaka mashine zake grisi wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, mwaka 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Liemba. Ile ile Liemba niliyopanda na mama kwenda Kasanga nikiwa darasa la tatu, nikatapika kuanzia mwanzo wa safari.

Bogart alifariki tarehe 14 Januari 1957 kwa saratani ya umio, Bacall ana miaka 32 na watoto wawili. Aliweka kifilimbi cha dhahabu pamoja na majivu yake, kwa sababu kwenye filamu yao ya kwanza Bacall anamwambia Bogart kauli maarufu kuhusu kupiga mluzi. Mwimbaji Frank Sinatra akamchumbia, habari zilipovuja kwenye magazeti mwaka 1958 akamkimbia. Akaolewa na mwigizaji Jason Robards mwaka 1961, wakazaa mtoto mmoja, pombe ikawaachanisha mwaka 1969. Hayo napita haraka maana kila mtu ameyaandika.

Ninachokipenda mimi ni alichokifanya na mwili wake uliokuwa unatetemeka. Alirudi New York, kwenye mji wake, akapanda jukwaani. Jukwaani hakuna wa kukupiga picha ya karibu, huwezi kusimama na kidevu kifuani masaa mawili, watu wa siti za nyuma hawaoni macho yako. Mwaka 1970, ana miaka 45, na ile sauti ya kushushwa milimani isiyofaa kwa kuimba hata kidogo, akaimba na kucheza kwenye igizo la muziki la Applause, maonyesho nane kila wiki, akachukua Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani. Mwaka 1981 akachukua nyingine kwa Woman of the Year. Katikati hapo akaandika maisha yake kwa mkono wake mwenyewe, kitabu kikatoka mwaka 1978 na kikachukua tuzo ya taifa ya vitabu. Hayo yote hakuna Hawks ndani yake. Mi nawashangaa wanaosema Hawks alimtengeneza, sawa alimshonea, ila gauni ukishalivaa miaka hamsini ukalipunguza ukaliongeza ukalitia viraka bado ni la fundi?

Oska walimteua mara moja tu katika maisha yake yote, kwa filamu ya 1996, ana miaka 72. Kila mtu alikuwa na uhakika ni yake. Wakamtaja Juliette Binoche, na Binoche mwenyewe akashtuka, akasema pale pale jukwaani kwamba alijua ni Lauren. Kamera zikaenda kwa Bacall. Video ipo. Kidevu kipo juu, kichwa kimetulia tuli. Ya heshima walimpa mwaka 2009, na tarehe 12 Agosti 2014 akafariki New York, bado mwezi mmoja afikishe miaka 90. Rafiki zake mpaka mwisho walikuwa wanamuita Betty.

Mwaka jana nilienda nyumbani Kigoma na laptopu, nikamuwekea mama The African Queen sebuleni, umeme siku hiyo ulikuwepo. Mama akaangalia yote bila kusinzia, jambo ambalo kwa mama yangu ni sawa na tuzo. Ilipoisha akaniuliza, “Sasa huyo mwanamke unayemuandika kila siku ni yule aliyekonda?” Nikamwambia hapana mama, yule ni mwingine, wangu haonekani, yuko nyuma ya kamera. “Anafanya nini huko nyuma?” Nikamwambia anawapikia.

Mama akatulia kidogo, akavuta kanga yake begani.

“Rudisha basi nyuma,” akasema. “Pale wanapokula.”